Kipekecho chenye waya

Sufuria ya kwanza ya mtori niliyoisaga kwa blenda ya mkono ilirudishwa jikoni. Mdogo wangu alikuwa na siku ya nne tangu ajifungue, shangazi ameshuka kutoka Marangu kuja kumlea mzazi, nami nikajitolea kupika. Nyama iliiva, mchuzi wa mifupa ulikolea, ndizi mshare zililainika hadi zikawa zinakatika kwa mwiko. Nikatumbukiza mashine, nikabonyeza dakika nzima huku nikijisifu moyoni. Shangazi akachota kijiko, akakiinua, mtori ukafuata kijiko ukivutika kama ulimbo.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hiki ni chakula au gundi ya bahasha?"

Kisha akauliza kama nyumba hii ina kipekecho.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuitumia mashine ile kwa heshima kidogo zaidi, na swali la shangazi ndilo lililonifundisha. Ndizi zilisagika vizuri kuliko mtori wowote nilioula utotoni, na bado chakula kiliharibika. Chanzo hakikuwa ubovu wa mashine wala wa ndizi.

Ishike blenda ya mkono ikiwa haijachomekwa, uigeuze juu chini. Kwenye mshikio kuna mota. Kutoka hapo unashuka mguu wa chuma au plastiki, na ndani yake mna ekseli nyembamba. Mguu unaishia kwenye kitu kama kengele, na ndani ya kengele kimekaa kisu kidogo chenye mabawa mawili. Ubavuni mwa kengele kuna madirisha, na watu wengi hudhani ni urembo. Hayo madirisha ndiyo mashine yenyewe. Kisu kikizunguka, kinarusha majimaji nje kupitia madirishani, na nafasi iliyoachwa wazi katikati inavuta mengine kutoka chini. Kwa hiyo chakula kinanyonywa kwa chini, kinakatwa, kinatemwa pembeni, kisha kinazunguka na kurudi kunyonywa tena.

Blenda ya jagi inafanya kinyume chake. Kule kisu kimetulia chini na chakula kinakiporomokea. Huku chakula kimetulia sufuriani na wewe ndiye unayekipeleka kisu. Ukiukandamiza mguu mpaka kengele ilale bapa kwenye kitako cha sufuria, umeziba mdomo wa kunyonyea: mashine inang'ang'ania chini, mota inabadilisha sauti na kuanza kulia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Ukiuinua mguu mpaka madirisha yachungulie juu ya mchuzi, unanyonya hewa, na hapo ukuta, shati na paji la uso wako vyote vinapata sehemu yao. Mguu unatakiwa uinamishwe kidogo, kengele izame yote, na mkono uende taratibu. Anayeuchapa juu na chini kama anatwanga kisamvu anapoteza nguvu zake bure, maana kunyonya kunahitaji sekunde mbili tatu mahali pamoja.

Sasa kasi. Chukua kisu chenye upana wa sentimita 4, kinachozunguka mara 12,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kwa mashine hizi zikiwa hazina mzigo. Ncha yake inakwenda mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. Basi la mikoani likienda hivyo trafiki wanalisimamisha. Ndani ya mtori mzito mwendo unapungua, lakini hata nusu yake hakuna kiganja cha binadamu kitakachoufikia.

Na hapo ndipo kipekecho kinapoachana na mashine. Kipekecho ni mti wenye kichwa cha vijiti vilivyopishana. Unaushika katikati ya viganja na kuusugua, unazunguka kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Hauna makali. Unapiga na kusukuma, ndizi inavunjika pale ilipokwisha kulegea yenyewe. Kisu hakiulizi palipolegea, kinakata popote.

Ndizi mbichi imejaa wanga, na wanga huo umefungwa ndani ya seli zake. Ukichemsha, punje za wanga zinafyonza maji na kuvimba, lakini sehemu kubwa inabaki ndani ya kuta za seli. Kipekecho na mwiko vinaziachanisha seli bila kuzipasua nyingi, ndiyo maana mtori wa zamani una chengachenga laini ulimini. Kisu cha kilomita 90 kwa saa kinapasua seli moja baada ya nyingine, wanga uliovimba unamwagika kwenye mchuzi, na mchuzi unageuka gundi. Viazi mviringo vinafanya vivyo hivyo, na aliyewahi kuviponda kwa mashine anaujua ule mvutano. Kwa hiyo dakika yangu moja ya kujisifu ilikuwa dakika ya kutengeneza gundi, na kila sekunde niliyoongeza nikitafuta ulaini ilizidisha ulimbo.

Siku hizi nafanya hivi. Nyama ikiiva naitoa yote, na mifupa yote, hata kile kipande kidogo kinachojificha chini. Mfupa unapinda kisu, na nyuzi za nyama zinajisokota kwenye ekseli. Ndizi zikilainika naepua sufuria motoni. Kisha nakunja kitambaa mara nne na kukiweka chini ya ukingo mmoja, sufuria iiname, mchuzi ukusanyike upande mmoja na kengele ipate kina. Sufuria zetu ni pana; mtori wa watu wanne ndani yake hauna kina cha kutosha, na bila kitambaa hicho utaoga. Nabonyeza sekunde tatu, naachia. Nahama, sekunde tatu tena, naachia. Mara tano au sita, basi. Nasaga kama theluthi moja tu ya ndizi. Hiyo inatosha kuufanya mchuzi uwe mzito, na zilizobaki nazivunja kwa mgongo wa mwiko. Ndipo nyama iliyochambuliwa inarudi, pamoja na maziwa au siagi kidogo. Nikiona bado kuna vipande vya ukubwa wa njegere, naacha. Hapo pana kishawishi cha kubonyeza mara moja zaidi. Usibonyeze.

Sufuria ya alumini nayo ina neno lake. Kengele ya chuma ikiparaza kitako, inachuna alumini na mchuzi unapata rangi ya kijivu. Kama kengele yako ni ya chuma, iache ielee sentimita moja juu ya kitako. Sufuria za kisasa zisizoshika chakula ndiyo usithubutu kabisa.

Mashine hii si ngeni kama tunavyodhani. Mswisi Roger Perrinjaquet aliiandikishia hataza mwaka 1950 na kuiita bamix, jina lililofinyangwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya "hupiga na kuchanganya". Mwaka 1959 mbunifu Gabriel Lluelles wa Barcelona akatoa ya kwake, Minipimer, ikaenea Hispania mpaka jina la bidhaa likawa jina la chombo. Hadi leo huko wengi wanaiita hivyo hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Kwetu hatujaipa jina lake. Dukani unasema "blenda ya mkono", na nusu ya wauzaji wanakuletea mashine ya kupigia mayai yenye mapanga mawili. Mimi ningependa tuiite kipekecho cha umeme, ila naona nimechelewa.

Kuna kazi moja ambayo hata shangazi anaikubalia mashine bila masharti, nayo ni tui lililokatika. Tui la nazi ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi yenyewe. Joto likikaribia nyuzi 80 protini hizo zinaanza kuganda. Ukiwa unakoroga bila kuacha, matone yanabaki yametawanyika. Ukienda kufungua mlango na kupiga soga, unarudi unakuta mabongebonge meupe, maji ya kijivu na mafuta yanayoelea. Wapishi wa pwani wanasema tui limekatika, na zamani ndiyo ilikuwa imetoka: mchuzi ulikuwa mtamu lakini uso wake wa aibu, haupelekwi kwa mgeni.

Epua. Toa samaki na miiba yake, weka pembeni. Acha mchuzi utulie dakika chache, inamisha sufuria, zamisha kengele, bonyeza sekunde 20 mfululizo. Hapa hakuna wanga wa kuogopa, kwa hiyo kasi ile ile iliyoharibu mtori ndiyo inayookoa tui: mafuta yanakatwakatwa kuwa matone madogo tena, mabonge yanavunjika, mchuzi unarudi mweupe na mzito mbele ya macho yako. Usiuchemshe upya. Rudisha samaki, pasha kwa moto mdogo, pakua. Nyanya na vitunguu vilivyokuwamo vitasagika pia na rangi itapoa kidogo. Hiyo ndiyo gharama.

Mayonezi inatumia kanuni hiyo hiyo, ila chombo chake ni kirefu na chembamba, kinachoizidi kengele kidogo tu. Yai zima chini, limau, chumvi, mafuta juu. Kandamiza kengele juu ya kiini bila kuisogeza mpaka uone weupe unatoka madirishani, ndipo uinue polepole sana. Ukiifanya kwenye bakuli pana utapata supu ya mafuta. Tangawizi na kitunguu saumu kidogo navyo vinataka chombo chembamba, pamoja na kijiko cha mafuta, la sivyo vitarukia pembeni na kisu kitazunguka peke yake.

Watu wanauliza wati. Mashine ya wati 400 inatosha nyumba ya kawaida, na ya wati 800 haitakuokoa kama unaikandamiza kitakoni. La maana zaidi ni maandishi madogo kwenye mshikio, mara nyingi "KB 1 min": usiizungushe zaidi ya dakika moja bila kuipumzisha. Mota hizi ni ndogo na zinapata joto haraka. Ukisikia harufu ya waya, umeshachelewa. Kuhusu LUKU usiwe na wasiwasi. Wati 400 kwa dakika mbili ni kama uniti 0.013, hata kuipigia hesabu ni kupoteza muda. Hofu yangu ni kwa zawadi za ndugu walioko Marekani. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Mota ya aina hii haijali tofauti ya hezi 50 na 60, lakini volti inazijali sana, na adapta ya plagi haipunguzi volti hata moja. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Kikisema 120 peke yake, shukuru, kisha irudishe kwenye boksi.

Kuiosha ni rahisi kuliko kitu chochote jikoni: jagi la maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, zamisha kengele, bonyeza sekunde kumi, suuza. Mshikio wenye mota usiguse maji. Lakini nyuzi za nyama zilizojisokota kwenye kisu hazitoki kwa maji, zinatolewa kwa mkono, na mkono mwingine unakuwa umeshika mshikio, kidole gumba kiko juu ya kitufe. Vidole vinakatika hapo. Kuachia kitufe hakutoshi. Nenda ukutani, chomoa plagi, ndipo uingize kidole ndani ya kengele.