Sarafu za Pemba zilivyompa sultani wa Kilwa karne yake

Sarafu ya shaba ya Ali bin al-Hasan, sultani wa Kilwa, haina mwaka. Upande mmoja una jina lake na la baba yake kwa hati ya Kiarabu. Upande wa pili unasema kwamba anamtegemea Mola, na pande zote mbili zinaishia kwa kina kimoja cha “-an”. Mahali ilipopigwa hapakutajwa. Aliyeipokea sokoni Kilwa alimjua sultani wake, mwaka ungemsaidia nini?

Sisi ndio tunaouhitaji. Tarikh ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: maandishi ya Kiarabu, na masimulizi ya Kireno ambayo João de Barros aliyaingiza katika kitabu chake cha mwaka 1552. Hazipatani juu ya miaka. Hata jina limeyumba, kwani Barros anamtaja Ali mwana wa Hocen, yaani Husein, ilhali shaba inasema Hasan. Mimi naiamini shaba. Mnakili huteleza kalamu, na anayemfuata hunakili kosa lile lile. Sarafu haikupitia mikono ya wanakili.

Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alitegemea tabaka za udongo na vigae vya kigeni, akauweka mwanzo wa ukoo wa Washirazi, unaoanza na Ali huyo, mwishoni mwa karne ya 12. Njia hiyo ina heshima yake. Kigae cha China umri wake hukadirika, na kilicholala nacho kinapewa umri huo huo. Tatizo ni kwamba sarafu za Ali ni nyingi mno na zilidumu mikononi mwa watu muda mrefu, kiasi kwamba zinafukuliwa hata katika tabaka za zama za baadaye. Tabaka linakwambia sarafu ilidondoka lini. Ilipigwa lini, halisemi.

Mwaka 1984 ikapatikana hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, ng'ambo ya Wete: zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogo ndogo, zikiwemo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwapo dinari chache za dhahabu, nyingine za Wafatimi wa Misri, na dinari, tofauti na sarafu za kwetu, huandikwa mwaka. Changa kuliko zote ni ya 1066.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, na inataka uangalifu. Dinari ya 1066 inathibitisha jambo moja tu: hazina haikufukiwa kabla ya mwaka huo. Mwenyewe angeweza kukaa na dhahabu kuukuu miaka mingi. Kinachonishawishi ni kile kisichokuwamo. Akiba ya mfanyabiashara huvuta pesa mpya kila msimu wa vyombo, na humu hamna hata dinari moja yenye tarehe ya karne ya 12. Kwa hiyo Ali anarudi nyuma hadi karne ya 11, zaidi ya miaka mia kabla ya pale Chittick alipomweka.

Pingamizi lipo: Ali bin al-Hasan ni jina la kawaida, huenda walikuwa wawili, mmoja wa fedha na mwingine wa shaba. Lakini mtindo wa maandishi unafanana mno, na sioni sababu ya kuwatenganisha.

Al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa baadaye, hakuhitaji bahati ya namna hiyo. Sarafu zake za shaba nazo hazina mwaka, ila msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta akitawala, akausifu ukarimu wake. Shahidi mmoja mwenye tarehe akatosha. Ndiyo maana sarafu yake moja iliyopatikana Zimbabwe Kuu ilipokelewa kwa shauku: ilitoa tarehe kwa mji ambao haukuacha maandishi. Ila sharti la Mtambwe linabaki pale pale. Sarafu hiyo ilifika bara baada ya sultani kukalia kiti. Si lazima iwe ilifika angali hai.