Rungu la Chuo

Kitabu kiitwacho Words That Wound kilitoka Marekani mwaka 1993. Waliokiandika ni wanasheria wanne, wote walimu wa vyuo vikuu: Mari Matsuda, Charles Lawrence, Richard Delgado na Kimberlé Crenshaw. Hapana hata mmoja kati yao aliye Mzungu, na yafaa msomaji alijue hilo mapema, kwani wanaosema humo si watazamaji wa mbali. Hoja yao ni kwamba tusi la ubaguzi wa rangi si maoni yanayongoja kujibiwa, ni kipigo. Anayetukanwa hivyo haoni hoja ya kuipinga, bali hupatwa na mshtuko, na mara nyingi hunyamaza. Basi chuo kinachoyaachia matusi hayo kwa jina la uhuru wa kusema kimekwisha kuwanyima baadhi ya wanafunzi wake uhuru huohuo.

Mswahili hahitaji kusomeshwa sana hapo. Mtu kwetu hununua kanga yenye maneno yake, akajifunga na kupita mbele ya mlango wa jirani, na ugomvi ukadumu mwaka mzima bila yeyote kutamka neno.

Mfano wenye nguvu kuliko yote umo katika sura ya Lawrence, ambaye wakati ule alikuwa akifundisha Stanford, California. Huko lipo bweni linaloitwa Ujamaa, nyumba iliyotengwa kwa ajili ya utamaduni wa watu Weusi. Neno letu limesafiri kuliko wengi wetu. Mwaka 1988 wanafunzi wawili Wazungu waliokuwa wakiishi humo walibishana na mwenzao Mweusi, aliyesema kwamba Beethoven alikuwa na asili ya Afrika. Baadaye wakaichukua picha ya Beethoven, wakaichora upya hata ikawa kikaragosi cha kumdhihaki mtu mweusi, wakaibandika karibu na chumba cha yule kijana. Jamani, huo ni mjadala gani? Wanaosema kwamba dawa ya maneno mabaya ni maneno zaidi wangeanza kwa kueleza kijana yule angeijibu nini karatasi ile.

Nat Hentoff ni mmoja wa wasemao hivyo. Kitabu chake, Free Speech for Me—But Not for Thee, kilitangulia mwaka mmoja, yaani 1992. Hentoff alikuwa mwandishi wa magazeti na mpenzi mkubwa wa muziki wa jazi, na sifa yake moja ni kwamba huwapiga wote, wa kushoto na wa kulia, kwa fimbo ileile. Lakini huumiza kwa wepesi wake. Akishaitaja kanuni yake huondoka haraka, kama mgeni aliyekuja msibani kutia sahihi tu.

Hata hivyo, nikivipima vitabu hivi viwili kwa matendo, ni hiki cha pili kinachosimama. Mwaka 1990 Stanford ilitunga kanuni ya kukataza matusi ya aina ile. Ilikuwa finyu kwa makusudi: tusi lazima lielekezwe moja kwa moja kwa mtu au watu wachache, na mtoaji awe amekusudia kutukana. Wale wa kikaragosi wangejitetea kwamba hawakumwambia mtu lolote, walichora tu. Hilo ndilo fumbo, na kanuni ya kukamata mafumbo haijapata kuandikwa. Mwaka 1995 mahakama ya California iliibatilisha hata hiyo finyu.

Chuo Kikuu cha Michigan kilichukua njia ya pili, kikatunga kanuni pana mwaka 1988. Jaji Avern Cohn aliitengua mwaka 1989, baada ya mwanafunzi wa saikolojia kulalamika kwamba anaogopa kujadili darasani nadharia za tofauti za kimaumbile kati ya wanaume na wanawake. Lakini lililonishughulisha zaidi ni jambo aliloliandika mwanasheria Nadine Strossen mwaka 1990: katika muda mfupi wa kanuni ile, Wazungu waliwashtaki Weusi kwa kauli za kibaguzi katika kesi zaidi ya 20. Ngao iliyofuliwa kwa ajili ya mnyonge ikageuka rungu, na rungu hilo lilishikwa na ofisi ileile ambayo Matsuda na wenzake, katika kurasa zao bora, wanatuonya tusiiamini.

Nchi iliyolizaa neno Ujamaa inayajua hayo. Mwaka 1970 jarida la Cheche, la wanafunzi wa mrengo wa kushoto wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilipigwa marufuku pamoja na chama chao. Hawakuwa maadui wa ujamaa. Waliutaka uende mbio zaidi. Waliowanyamazisha nao waliapa kwa ujamaa.

Huko Marekani rungu limeendelea kubadilisha mikono. Kwa miaka mingi wanasiasa wa mrengo wa kulia waliyacheka masharti ya lugha vyuoni, wakayaita kwa dhihaka usahihi wa kisiasa. Desemba 2023, mbele ya Bunge la Marekani, baadhi yao waliwabana marais wa Harvard, Pennsylvania na MIT kwa kutosema wazi kwamba wito wa kuwaangamiza Wayahudi unavunja kanuni za vyuo vyao. Liz Magill wa Pennsylvania alijiuzulu mwezi uleule. Hentoff, aliyefariki mwaka 2017, hakuyaona hayo, ingawa kichwa cha kitabu chake kilikuwa kimeyataja.

Nabaki na yule kijana wa bweni la Ujamaa. Hentoff hana la kumpa, na Lawrence anampa kanuni ambayo isingemfaa. Kilichohitajika asubuhi ile ni rais wa chuo na walimu Wazungu wasimame bwenini, mbele ya karatasi, waiite kwa jina lake kabla ya yeye kulazimika kufungua kinywa.