Safu Tatu Ubaoni

Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu husahihisha insha za Kiingereza za watoto wa majirani, barazani kwake, jioni. Hana haraka. Akikifikia kitenzi cha wakati uliopita, kalamu nyekundu husimama. Mtoto kaandika "has drank". Mzee hamtajii kanuni. Humsomesha sentensi kwa sauti, kisha tena, mpaka sikio lenyewe likwaruzwe. "Has drunk, Babu." Mzee huguna, akaendelea.

Tuliopita mikononi mwa walimu wa namna hiyo tunazikumbuka safu tatu ubaoni: "go, went, gone", "sing, sang, sung", "take, took, taken". Tuliziimba darasa zima hadi mlinzi wa getini naye akazijua. Sababu hatukuelezwa, na ingeelezwa vipi? "Went" ilikuwa mali ya kitenzi kingine, "wend"; "go" kikaivaa kama nguo ya mtumba, mwenyewe akaachiwa "wended". Mambo ya aina hii hayakokotolewi, hupokewa mdomo kwa mdomo.

Na kinachopokewa kinapungua. Mwaka 2007 jarida la Nature lilichapisha hesabu ya watafiti waliofuatilia vitenzi 177 vya Kiingereza cha kale visivyofuata kanuni: vilivyosalia hivyo hadi leo ni 98. Vinavyotamkwa kila siku, kama "be" na "have", vimesalimika. Vinavyotajwa kwa nadra hubandikwa "-ed", sura yao ya zamani ikasahauliwa. Hata "help" kilikuwa na "holpen" yake, nayo imo katika Biblia ya King James ya 1611.

Uzembe wa kuvichanganya vitenzi hivi haukuanza jana, nakubali. Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliwakosoa hata washairi Milton na Dryden katika sarufi yake ya 1762. Lakini wale walikosea kwa sikio lao wenyewe, na walikuwa nalo. Siku hizi tumeikabidhi simu kazi ya kusikia.

Simu nayo haisikii. Kiingereza kina "hung" kwa picha iliyotundikwa ukutani, na "hanged" kwa binadamu aliyenyongwa. Tofauti hiyo naipenda kuliko zote, maana ina adabu ndani yake. Nimesoma makala iliyosema mpigania uhuru wa Kenya, Dedan Kimathi, "was hung". Mtu aliyepandishwa kitanzini katika gereza la Kamiti, Februari 1957, na Waingereza wenyewe, anaandikwa kwa lugha yao kama koti kwenye msumari! Programu ya kusahihisha haikupiga mstari, kwa kuwa tahajia ilikuwa sawa. Zamani makala hiyo ingepitia kwa msahihishaji wa prufu, mtu anayelipwa kwa kukwaruzwa masikio. Magazeti mengi yamewapunguza watu hao, na nafasi zao hazitangazwi tena.