Barua kwa Mkuu wa Kikosi

Barua ya kwanza niliyomwandikia mtu mwingine niliiandika Maretadu, kwenye karatasi ya daftari la mistari, mwaka niliomaliza kidato cha nne. Mwenye barua alikuwa jirani yetu, mke wa mwanajeshi aliyekuwa kikosini mbali, upande wa pwani. Mumewe alikuja likizo ya wiki mbili, na alipoondoka alimwachia mkono uliovimba mpaka kwenye kiwiko. Nakala ya barua hiyo ninayo hadi leo. Mwezi uliopita niliisoma kama ninavyosoma kazi za watu wengine, nikaona ni maandishi mabovu.

Sarufi yake haina tatizo. Ubovu uko kwenye sentensi moja: "Kumetokea kutoelewana ndani ya nyumba." Kiambishi hicho *ku-* kimefanya kazi ya uoga wote. Aliyepiga hayumo, aliyepigwa hayumo, mkono haumo. Imebaki nyumba, kana kwamba kuta ndizo zilizogombana.

Lakini sikuandika hivyo kwa hiari yangu peke yangu. "Mdogo wangu, usiandike amenipiga," aliniambia. "Watamfukuza. Halafu watoto watakula nini?" Alikuwa ameshakwenda polisi. Alipewa PF3, akatibiwa, aliporudi akaambiwa huyo ni mwanajeshi, awaone wakubwa wake. Alipopiga simu kambini akajibiwa kwamba mambo ya mke na mume ni ya polisi. Barua yangu ilitumwa katikati ya milango hiyo miwili, na kwa lugha yake ya kujificha ilimsaidia kila mmoja kufunga wa kwake.

Wakati ule nilikuwa nimeshasoma *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971. Ningepaswa kujifunza. Zakaria, mlevi wa Namagondo kule Ukerewe, anampiga mkewe Regina, na mwandishi hatafuti neno la kuufunika mkono wake. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Siku zote nimeona ajabu kwamba waliokikataa walihangaishwa zaidi na mwili wa Rosa, msichana, kuliko na mwili wa mama yake.

Hata hivyo nina neno na Kezilahabi. Zakaria aliwahi kuwa mwalimu, yaani mtu aliyekuwa na mwajiri na wakubwa wa kazi. Katika riwaya, ukatili wake unabaki kuwa jambo la familia na kijiji. Kwa hadithi ya Regina hilo linatosha. Kwa mke wa askari halitoshi, kwa sababu mwajiri wa mumewe yuko ndani ya ndoa hiyo kila siku: ndiye anayeamua mume alale wapi, aje nyumbani lini, na mshahara unaonunua mahindi utoke au usitoke. Kwenye rafu yangu wapo askari wa nyimbo za vita vya Kagera na yupo mume wa *Rosa Mistika*. Sijaona ukurasa ambapo hao wawili ni mtu mmoja, amekaa kwenye kigoda anasubiri chakula.

Mwaka uleule wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 66 kinasema, kwa maneno yangu, kwamba hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Ni kifungu kizuri, na hakimbagui mwenye sare. Kisome tena, utaona kinakanusha haki halafu kinanyamaza. Adhabu haimo, wa kuchukua hatua hayumo. Mwanamke inabidi akatafute kosa la shambulio kwenye Kanuni ya Adhabu, maana hatuna sheria mahususi ya ukatili wa majumbani kama waliyo nayo Uganda tangu 2010 na Kenya tangu 2015. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, nalo ni hatua kubwa. Tatizo la jirani yangu lilianzia pale dawati linapoishia, kwenye geti la kambi.

Geti hilo si la Tanzania peke yake. Katika majira ya joto ya 2002, wanajeshi wa Fort Bragg huko Marekani waliwaua wake zao wanne katika muda wa wiki chache. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria kwamba amri ya ulinzi iliyotolewa na mahakama ya kiraia ina nguvu ileile ndani ya kambi. Lugha yake ni kavu kama stakabadhi, lakini inasema amri ya nani na inafika wapi. Kilichonigusa zaidi ni utaratibu ulioanza huko miaka ya 1990: askari akiondolewa jeshini kwa kuipiga familia yake, familia hulipwa fedha za kujikimu kwa miezi 12 hadi 36. Kuna mtu mahali fulani alilisikia swali la watoto watakula nini, akaliandika kwenye sheria.

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Majirani zetu Wadatoga, hasa Wabarbaig wa Hanang, wana baraza la wanawake ambalo mtafiti George Klima aliliandika miaka ya 1960. Mwanamume akimkosea mwanamke, wanawake hukutana, humhukumu na humtoza ng'ombe dume. Pale hakuna *kumetokea*. Mkosaji hutajwa, na ng'ombe wake huonekana akitoka zizini.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho niliichukua barua na kuandika upya ile sentensi: "Mume wangu, askari wako, alinipiga kwa mti wa jembe akanivunja mkono." Nikamsomea chini ya mti, mbele ya nyumba yake. Siku hizi mkono haunyooki vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie, kisha akauliza, "Na mshahara, umeuandika wapi?"

Sikuwa nimeuandika.