Kabla ya Kuvuta Karata Nyingine

Msomaji hodari wa taroti utamtambua kwa mkono wake, pale karata ya mwisho inapotua mezani. Mkono wa anayejifunza hurudi mbio kwenye rundo. Karata zimetoka, hazijaeleweka, basi anaongeza moja ya kufafanua. Hiyo nayo ikija na utata wake anaongeza nyingine ya kuifafanua, na mwishowe meza imejaa, na aliyekuja na swali moja anaondoka na lundo la maswali. Mkono wa fundi hutulia. Macho yake ndiyo yanayoendelea na kazi.

Utulivu huo nausifu kwa moyo wote, maana niliuona ukizaa matunda Ruiru, sebuleni kwa dada mmoja anayesoma karata siku za Jumamosi. Aliyekuja siku hiyo alikuwa mama wa makamo mwenye kishamba cha kahawa alichorithi kwa wazazi. Majirani wamekata mashamba yao ploti, nyumba za kupangisha zimeota hadi kwenye ua wake, na madalali hawaishi kumpigia simu. Auze, asiuze? Zikatandazwa karata tatu. Ya katikati, iliyobeba kiini cha swali, ilikuwa Sarafu Saba.

“Sasa hii inasema niuze ama nisiuze?” akauliza. “Toa nyingine, mwanangu.”

“Ngoja kwanza, mama. Huyu mkulima umemwangalia vizuri?”

Mama akaisogeza karata karibu na macho. Mkulima amesimama kando ya kichaka kilichostawi, ameegemea mpini wa jembe, kidevu amekilaza juu ya mikono. Sarafu sita bado ziko kichakani. Ya saba iko chini, karibu na miguu yake.

“Moja imeshashuka,” mama akasema. “Hizi nyingine anazingoja.”

Kisha akaanza kueleza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Mikahawa yake si ile ya baba. Aliing’oa ya zamani akapanda Ruiru 11, na sasa iko mwaka wa pili, bado hajachuma hata debe moja. Aina hiyo ilitolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapo hapo Ruiru, ili kuhimili chulebuni na kutu ya majani. Alipokuwa akisema hayo, swali la kuuza lilibadilika palepale mezani: likawa swali la kama ana nguvu za kungoja mavuno ya kwanza. Lau dada yule angekubali kuvuta nyingine, na pengine ikatoka karata ya Jua, mama angesikia “ndiyo” akaenda zake, na habari ya miche ile isingetajwa kabisa.

Karata hizi zilichorwa zikiwa na akiba ya maneno. Taroti ilianza kama mchezo kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na ni Ufaransa, katika karne ya 18, ilikoanza kuenea kama chombo cha kutazamia. Pakiti nyingi za zamani zilionyesha hesabu tu kwenye karata ndogo, zile zenye namba: sarafu saba zimepangwa, basi. Pamela Colman Smith, mchoraji aliyefanya kazi na mwandishi A. E. Waite, ndiye aliyezipa karibu karata hizo zote ndogo watu, mahali na tukio, katika pakiti iliyotolewa London mwaka 1909. Kila karata yake ina kitu cha pembeni kinachongoja kuulizwa. Katika Panga Nane mwanamke amefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, panga zimemzunguka; lakini miguu yake haijafungwa, na mbele yake hakuna upanga. Msomaji anayekimbilia karata ya ziada kabla ya kuiona miguu hiyo amemnyima mteja wake nusu ya jibu.

Waite mwenyewe aliliwazia jambo hili. Katika utandazaji wake wa karata kumi, alisema kwamba ikiwa ile ya kumi ina shaka na haitoi uamuzi, msomaji anaweza kuirudia kazi yote, safari hii karata hiyo ya kumi ikiwekwa katikati kama kiwakilishi cha swali. Hakusema itupiwe nyingine juu yake. Karata yenye utata ndiyo inayopandishwa cheo, inakuwa yenyewe ndiyo inayoulizwa.

Na pwani yetu ina mfano mzuri zaidi. Kwenye nguzo za umeme za Barabara ya Thika hubandikwa matangazo ya waganga wanaojinadi kwamba wametoka Pemba au Tanga, na wengi wetu tumezoea kuyapita bila kuyatazama. Lakini ramli, ile ya mchangani, ni hesabu ya nidhamu kubwa. Mpigaji huchoma nukta bila kuzihesabu, kisha kila mstari hupunguzwa hadi ibaki moja au mbili. Hupatikana maumbo manne ya kwanza. Manne mengine huzaliwa humo humo kwa kuyasoma upande upande. Yote manane huunganishwa mawili mawili, na yanayopatikana vivyo hivyo, hadi umbo la kumi na tano, ambalo ndilo hutoa hukumu. Nukta za umbo hilo huwa shufwa daima. Zikiwa witiri, mpigaji anajua amekosea njiani na anarudi nyuma. Hukumu isipoeleweka, liko umbo la kumi na sita, nalo hupatikana kwa kuunganisha la kumi na tano na lile la kwanza kabisa. Hakuna nukta mpya inayochomwa. Ufafanuzi unakamuliwa kutoka kwenye kilichokwisha kuandikwa mchangani.

Mjini Thika husimuliwa habari za mti wa mugumo ambao mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utaanguka utawala wa Waingereza utakapokoma. Wakoloni, inasemekana, waliuzungushia chuma usianguke. Ulianguka mwaka 1963. Nawaza juu ya chuma kile kila nionapo mtu akivuta karata ya nne, ya tano, ya sita, kwa kuwa ya tatu haikumpendeza.

Hata hivyo sisemi rundo lifungwe. Mundu mugo, mganga na mtabiri wa Agikuyu, ambaye Jomo Kenyatta, mjukuu wa mmoja wao, alimweleza katika kitabu chake cha mwaka 1938, hutikisa kibuyu na kumwaga mbugu, mbegu zake za kutabiria, zaidi ya mara moja. Lakini kila mmwago una swali lake. Kwanza, ugonjwa umetoka wapi. Hilo likishapata jibu, ndipo aulize dawa ni ipi.

Dada wa Ruiru anafuata njia hiyo hiyo bila kuitaja. Mama alipomaliza habari ya miche yake, alinyamaza, kisha akasema, “Haya, nikikataa kuuza, ndugu zangu nitawaambia nini?” Hilo lilikuwa swali jipya. Dada akamwomba alirudie polepole, kwa maneno yale yale, ndipo akavuta karata moja.