Kalamu Mbili, Andiko Moja

Anayeandika peke yake hugombana na nafsi yake tu. Wanaoandika wawili hawana budi kuamua neno la nani litakaa na la nani litafutwa. Na katika maandishi ya sayansi uamuzi huo si jambo la adabu tu, kwa maana tarakimu moja iliyokosewa yaweza kumtia mkulima hasara ya msimu mzima.

Tuwafikirie mtafiti wa mahindi akaaye Kitale na mwalimu wa chuo akaaye Bungoma, waandikao taarifa moja. Desturi ya wengi ni kupelekeana nakala kwa barua pepe. Ya kwanza huitwa "ya mwisho", ifuatayo "ya mwisho kabisa", na baada ya juma moja hapana ajuaye ni ipi iliyo na masahihisho ya nani.

Dawa inayosifiwa ni programu iitwayo Git, aliyoitunga Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux. Kila mwandishi ahifadhipo kazi yake, Git huandika ni nani aliyebadili, lini, na nini. Tena kila toleo humtaja mzazi wake, na toleo lililounganishwa kutoka kazi za watu wawili hutaja wazazi wawili. Watu wa Kitale hawatalistaajabia jambo hilo. Kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianza kwao mwaka 1955, na mbegu chotara 611, iliyotolewa mwaka 1964, ilipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi ya asili ya Ecuador. Mzalishaji asiyeweka daftari la wazazi hawezi kuirudia mbegu yake. Isitoshe, historia yote hukaa katika kompyuta ya kila mwandishi, hata mtandao ukikatika kazi yaendelea.

Walakini chombo hiki kilitungwa kwa ajili ya programu, si kwa insha. Hulinganisha maandishi mstari kwa mstari. Mwenye kuandika aya nzima kama mstari mmoja akiondoa mkato, aya yote huhesabiwa kuwa imebadilika. Yafaa basi kila sentensi ipewe mstari wake. Hilo ni udhia mdogo.

Kasoro kubwa ni nyingine. Wawili wakibadili mstari ule ule, Git husimama na kuwataka waamue. Lakini tuseme yule wa Kitale, mji ulioinuka kama meta 1,900 juu ya bahari, ambako mahindi hukawia kukomaa kuliko Bungoma iliyo chini zaidi, amesahihisha siku za kukomaa katika jedwali. Na jioni ile ile mwenziwe ameandika muhtasari kwa hesabu ya zamani. Mistari haikugusana, basi programu huiunganisha kimya, na taarifa hutoka ikijipinga yenyewe. Mkulima husoma muhtasari.

Wengine hutaka historia hiyo itumike kupima nani alifanya kazi zaidi. Mimi sikubali. Jina linaloandikwa ni lile mwandishi aliloliingiza mwenyewe katika mashine yake. Na yule msaidizi aliyeshinda shambani kwenye mvua akihesabu mabua, ambaye hakugusa kompyuta hata mara moja, katika historia hiyo jina lake halimo.