Wiki sita za Chausiku kizimbani

Paka wetu Chausiku alianguka kutoka juu ya bati usiku wa mvua. Asubuhi tulimkuta chini ya kitanda, mguu wa nyuma wa kushoto unaning'inia. Daktari wa mifugo hakuanza na mguu. Alitazama rangi ya ufizi, akasikiliza pumzi, akapapasa tumbo, kisha akauliza kama amekojoa. Paka aliyeanguka huenda amepasuka kibofu, au kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na hayo ndiyo yanayoua haraka. Mfupa unaweza kungoja hadi kesho.

Eksirei ilionyesha muundi umevunjika, ngozi ikiwa nzima na vipande havijaachana. Ilikuwa bahati, maana banzi lilitosha. Banzi halifanyi kazi mpaka lishike kiungo kilicho juu ya jeraha na kilicho chini yake, na muundi uko kati ya goti na kifundo, ambavyo vyote vinafungika. Lingekuwa paja, hadithi ingekuwa nyingine kabisa. Juu ya paja kuna nyonga, na nyonga ya paka haishikiki kwa bendeji. Banzi lingeishia palepale mfupa ulipovunjika na kuyumbisha vipande kila paka anapojigeuza. Kibaya zaidi, paka mchanga aliyevunjika paja, akafungwa mguu umenyooka, misuli ya paja hugandamana na mfupa, na goti halikunjiki tena maisha yake yote. Paja huhitaji upasuaji: chuma ndani ya mfupa, au bamba na skrubu.

Jirani yetu alikuja na parasetamoli, kwa huruma tupu. Nilimshukuru na kuirudisha. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo. Damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi ukageuka rangi ya matope. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Dawa ya maumivu tulipewa na daktari, kwa kipimo cha uzito wa Chausiku.

Kazi yetu nyumbani ilikuwa moja: kumtuliza. Mfupa hujiunga wenyewe. Damu huganda penye ufa, kisha hukua ukoa laini kama gegedu, ambao polepole huwa mfupa. Ukoa huo mchanga ukitikiswa sana, kazi huanza upya. Tulitengeneza kizimba cha waya, kipana kiasi cha kusimama na kugeuka, kifupi kiasi cha kumnyima nafasi ya kuruka. Choo chake kilikuwa sinia la ukingo mfupi, lenye magazeti yaliyochanwa badala ya mchanga, kwa sababu mchanga huingia ndani ya bendeji na kuchubua ngozi. Chakula kilikuwa dagaa wazima waliochemshwa bila chumvi, na miiba yao. Nyama tupu haina kalisi ya kutosha, na paka anayekua akilishwa hiyo peke yake mifupa hudhoofika hata bila kuanguka.

Kila asubuhi na jioni nilitazama ncha za vidole viwili vya katikati, ambazo daktari aliziacha nje makusudi. Kucha zikikaribiana, mguu uko salama, zikitengana, umevimba. Siku ya tisa zilitengana, na pakawa na harufu. Tulirudi siku hiyohiyo, bendeji ikafunguliwa: ilikuwa imelowa mkojo. Tungengoja siku mbili zaidi, nyama ya mguu ingeanza kuoza.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonitesa. Maumivu yalikwisha, akawa analia usiku kucha akitaka kutoka, na watoto wakalia naye. Nilikataa. Ukoa wa wiki tatu unamdanganya paka kwamba amepona.

Wiki ya sita eksirei ilionyesha ufa umezibwa. Banzi lilipotoka, paja la kushoto lilikuwa nusu ya la kulia, na manyoya yameisha kifundoni. Alisimama, akautikisa mguu kama aliyekanyaga maji, kisha akatembea hadi kwenye kabati. Tulikuwa tumeondoa kila kiti kilichokuwa karibu nalo.